Ini Ndani ya Mayai ya Mama Limi

Jumatatu, 9 Julai 1984

Leo historia imeanza, na imeanzia Shinyanga! Mkuu wa Shule katuita ofisini wahudumu wote wa maabara, yaani mimi na Donatus. Kasema Mkaguzi wa Sayansi anakuja kutoka Mwanza tarehe 31. Kila mhudumu aonyeshe kazi moja ya sayansi aliyoibuni mwenyewe, kwa vifaa vya hapa hapa. Atakayeshinda anakwenda Dar es Salaam miezi sita kusomea ufundi sanifu. Anarudi na cheti, koti jeupe na funguo za maabara zote mbili. Atakayeshindwa atakuwa chini yake.

Miaka kumi na moja nimeosha chupa za maabara ya baiolojia. Wanafunzi wananiita Mzee Chupa. Binti yangu Zamoyoni yuko kidato cha tatu shule hiyo hiyo, na jina hilo likitajwa anajifanya hasikii. Mimi pia najifanya sisikii. Sasa basi! Fundi Sanifu Fikirini Akida. Nimeliandika mara nne nyuma ya daftari hili. Linapendeza zaidi kwa wino wa bluu.

Donatus ni wa maabara ya kemia. Ana miaka thelathini na moja na shati lake limepigwa pasi hata mgongoni. Kila asubuhi ananiamkia shikamoo mbele za watu. Mimi nina arobaini na tatu! Leo kaniamkia mara mbili. Huo ni uchokozi. Nimeitikia marahaba ya mkato.

Jumanne, 10 Julai

Nimepata!

Nilikuwa nyuma ya darasa nafuta chupa, Mwalimu Euphrasia akifundisha baiolojia. Huyu mama anajua kitu. Kasema kila seli ya mwili, iwe ya ngozi, ya jicho au ya ini, imebeba kitabu kile kile kizima cha maagizo. Maagizo yenyewe ndiyo jeni. Lakini seli ya ini hufungua kurasa za ini tu, nyingine huziacha zimefungwa. Mwanafunzi mmoja akauliza nani anaiambia seli ifungue ukurasa gani. Mwalimu akasema mara nyingi ni jirani. Katika kifaranga kilicho ndani ya yai, ini huanza kama siku ya tatu, kwenye kipande cha utumbo mchanga kinachopakana na moyo. Moyo hukipelekea ujumbe. Wataalamu waliwahi kukitenga kipande hicho mbali na moyo, na ini halikutokea.

Chupa iliniponyoka. Kumbe siri ya dunia ni nani umekaa naye! Na mimi miaka kumi na moja nimekaa jirani na sinki.

Mipango miwili papo hapo. Wa kwanza: mayai saba ya umri tofauti, niyapasue mbele ya Mkaguzi siku moja, aone ini linavyokua tangu nukta hadi ini kamili. Wa pili: stuli yangu. Saa ya chai nimeihamishia ubavuni kwa Mkuu wa Shule. Kanitazama. Kaniomba sukari, nikamwambia sukari haijaonekana tangu Mei. Akasema basi nilete maji. Mawasiliano yameanza.

Jioni, bahati juu ya bahati! Jirani yetu Mama Limi amemlalisha kuku wake mweusi juu ya mayai manane. Kila yai kalichora mstari wa mkaa. Nikauliza kwa nini. Kanishangaa. Kasema ndivyo wanavyofanya wote: kuku mwingine akiingia kutaga humo, yai lisilo na mkaa linajulikana ni geni, linatolewa likaliwe. Nikamsifu sana. Mpango wangu sikumwambia.

Ijumaa, 13 Julai

Hesabu imekamilika. Tarehe 31 mayai ya Mama Limi yatakuwa ya siku ishirini na moja. Moja la hayo nitaliazima. Mengine sita nayaongeza mwenyewe chini ya kuku huyo huyo, moja kila baada ya siku tatu, la mwisho tarehe 28. Mama Limi haathiriki kwa lolote. Kuku wake analala tu kama alivyokuwa analala.

Leo la kwanza. Mke wangu Mwanaidi ana matetea wawili na jogoo, wanataga lakini hawataki kulalia. Nimechukua yai moja kwenye kapu lake. Mama Limi alipokwenda bombani nikaingia bandani kwake kwa magoti, nikalisukuma yai chini ya kuku. Kanidonoa mara tatu, mahali pale pale. Nimetoka na manyoya kichwani na heshima yangu yote.

Jumamosi, 14 Julai

Chai ya asubuhi ililetwa na yai la kukaanga. Nikala. Nikalisifu. Ndipo Mwanaidi akasema ni zawadi ya Mama Limi: jana jioni kakuta yai geni bandani, halina mkaa, kaona atuletee majirani.

Nimekula maonyesho yangu. Kwa chumvi.

Zamoyoni alinikuta nimeshika kichwa, nikamweleza mpango wote. Alisikiliza vizuri, tabia ambayo kaipata kwangu. Kasema niandike tarehe kwa penseli juu ya kila yai ninaloweka. Nikamkumbusha kwamba Mama Limi alihitimu elimu ya watu wazima mwaka juzi, na tangu hapo anasoma kila kitu, hata makopo. Ataziona tarehe. Kasema basi nimweleze Mama Limi ukweli. Watoto wa siku hizi hawana mbinu kabisa.

Nimekaa, nimefikiri, nimepata. Kama yai lenye mkaa haliguswi, basi yai langu litakuwa na mkaa! Mstari mmoja, upana ule ule. Ya kwangu nitayajua kwa mahali. Ya Mama Limi kulia, yangu kushoto, yakifuatana kwa tarehe. Zamoyoni kasema kuku huyageuza mayai kila siku na kuyazungusha. Nimemwambia huyu nimemwona kwa karibu, ni kuku mtulivu.

Nimeliweka jingine leo leo. Siku kumi na nane imekuwa siku kumi na saba. Mkaguzi hatajua.

Alhamisi, 19 Julai

Donatus anapika sabuni.

Sabuni! Majivu ya mabua na mafuta ya pamba, anakoroga kwenye debe nyuma ya maabara. Mji mzima haujaona mche wa sabuni tangu mwezi wa Ramadhani uanze, basi walimu wamejipanga dirishani kwake na vibakuli, kama duka la ushirika. Mkuu wa Shule kanawa mikono mara mbili bila sababu. Mimi naona hayo ni mambo ya jikoni. Hayana jeni hata moja ndani yake. Donatus kaniletea kipande, kakishika kwa mikono miwili, kasema pokea mzee wangu. Nimekipokea kwa ajili ya Mwanaidi tu. Kinatoa povu zuri, kwa bahati mbaya.

Mimi nina silaha nyingine. Mpangaji wetu Thobias ni mtu wa Geita. Ananunua dhahabu kwa wachimbaji, jambo ambalo nyumbani hatulisemi kwa sauti, maana mwaka jana wenzake walisombwa kwa uhujumu uchumi. Ana lenzi ndogo ya kukunja, ya kukagulia punje. Hadubini ya shule imekufa tangu 1979. Nikamwomba lenzi, akakataa. Nikamwambia nimemsikia Mwalimu Euphrasia akisema ini la kifaranga kinachokaribia kutoka kwenye yai lina rangi ya manjano tupu. Macho yakamtoka. Kanipa lenzi kwa sharti nisilitaje jina lake popote, kwa yeyote.

Mchana tumelijaribu yai moja, mimi na Zamoyoni, mezani jikoni. Nimelitoa upande wa kushoto, yaani lile la tarehe 14, siku tano. Zamoyoni kasema kifaranga ni kikubwa mno kwa siku tano, mbona kina vidole. Nikamwambia lenzi inakuza.

Lakini moyo ulikuwa unapiga! Na hapo jirani yake ini, jekundu, dogo kuliko punje ya mtama. Zamoyoni alikuwa ameegemeza kichwa begani kwangu ili aone, jambo ambalo hajalifanya tangu yuko darasa la nne. Nilikaa bila kutikisika mpaka mgongo ukauma. Nilifurahi sana.

Kisha akaharibu. Kasema ujirani peke yake hautoshi, moyo unapakana na vitu vingi na vyote haviwi ini. Kipande kinachousikia ujumbe ni kile kilichokwisha kuwa tayari. Nimemwambia asichanganye mambo.

Jumanne, 24 Julai

Yowe la Mama Limi saa moja asubuhi. Nikajua nyoka. Haikuwa nyoka.

Alikuwa amehesabu mayai. Aliweka manane, sasa ni kumi na moja, na yote yana mkaa! Kanivuta mkono mpaka bandani.

"Baba Zamoyoni, njoo ujionee mwenyewe! Kuku wangu anataga na mkaa wake!"

Nikainama. Nikatazama. Nikasema ni ajabu kweli. Ningesema nini?

Saa nne uwanja wake ulikuwa umejaa watu mpaka wa kutoka mtaa wa Kambarage. Wengine walitaka kugusa mstari, wengine walitaka mbegu. Mama Limi kavaa khanga ya sikukuu. Halafu kafika Maganga, mlinzi wa shule, anavuta mbuzi. Anataka kubadilishana. Mbuzi mzima kwa kuku! Mama Limi akaanza kumkagua yule mbuzi meno.

Kuku akienda mayai yanakwenda, na mayai yakienda Dar es Salaam imekwenda, na mimi nitamwita Donatus bosi mpaka nistaafu. Ilibidi nitumie kichwa. Nikapanda juu ya kinu, nikasema kwa sauti ya kitaalamu kwamba kuku wa namna hii haruhusiwi kuuzwa wala kubadilishwa kabla Mkaguzi wa Sayansi hajamwona. Watu wakakubali mara moja. Maganga kaondoka na mbuzi wake. Wachache sana mji huu wangefikiri haraka hivyo.

Jambo moja sikulipanga. Mama Limi kasema atamleta kuku shuleni mwenyewe, na atamweleza Mkaguzi mwenyewe, kwa kuwa kuku ni wake.

Jumapili, 29 Julai

Kila kitu tayari. Yai la mwisho limeingia jana. Yako kumi na matatu na kuku amejitanua kama mkeka. Nimepiga kiatu rangi. Nimeazima tai kwa karani.

Ripoti ya ujirani: wiki tatu stuli yangu iko ubavuni kwa Mkuu wa Shule. Matokeo mpaka sasa: namletea maji, namletea gazeti, na Alhamisi nilimpelekea viatu vyake kwa fundi. Mambo yanakwenda polepole, lakini hata ini halikukua siku moja.

Zamoyoni ameniandikia maelezo yote kwenye karatasi ya manila, mwandiko wa kupendeza. Nilimfanyia hotuba yangu, akanisahihisha mara mbili, nikamsamehe. Kaniuliza tena kama nina hakika ya mayai. Nikamjibu kushoto kwa tarehe, kulia ya Mama Limi. Kaikunja manila, kaondoka. Jana pia alichukua baiskeli yangu akaenda nayo Kolandoto, kwa muuguzi mmoja anayesali na Mwalimu Euphrasia. Kasema anakwenda kusalimia. Salamu gani za kilomita zote hizo sijui. Vijana wanapoteza nguvu bure.

Jumanne, 31 Julai

Naandika yote, kwa kuwa daftari hili halina Mkaguzi.

Kafika saa tatu. Bwana Kalisti, mtu mfupi, mpole, kalamu tatu mfukoni. Ukumbi ulijaa wanafunzi wote na walimu wote. Kaanza na Donatus. Kanawa mikono, kainusa, kanawa tena. Donatus kamfungia vipande sita kwenye gazeti ampelekee mkewe. Hiyo mimi naiita rushwa ya povu.

Zamu yangu. Nilisimama jirani na Mkaguzi kiasi kwamba alisogea mara mbili, na mimi nikasogea mara mbili. Sijafungua kinywa, mlango ukafunguka. Mama Limi, khanga mpya, kikapu kichwani, ndani ya kikapu kuku, chini ya kuku mayai. Alitembea nacho tangu nyumbani. Kilikuwa kimegeuka mara ngapi njiani, na kulia kwake sasa kulikuwa wapi, sijui.

"Mwangaluka, bwana mkubwa," kamsalimia kwa Kisukuma. "Huyu kuku anataga mayai yenye mkaa. Mimi niliweka manane tu. Hesabu mwenyewe."

Bwana Kalisti akanigeukia. Kauliza kama hiyo ndiyo kazi yangu ya sayansi, kuku anayetaga mkaa. Wanafunzi mia tatu wakangoja jibu. Kwanza nilikohoa. Kisha ikabidi niseme kwamba mkaa ni wangu, na mayai matano pia ni yangu, nimeyaingiza moja moja kwa ajili ya elimu.

Mama Limi kaniangalia kuanzia tai mpaka viatu.

"Baba Zamoyoni! Wewe ndiye unayeingia kwa kuku wangu?"

Ukumbi ulipiga kelele dakika nzima. Mkuu wa Shule alijifunika uso na leso. Nadhani jina la Mzee Chupa limekwisha leo, na litakalofuata sitaliandika humu.

Sikutetereka! Nikaingiza mkono upande niliouona ni wa kushoto, nikatoa yai, nikaliweka kiganjani mwa Mkaguzi. Nikasema, mheshimiwa, hili ni la siku tatu, ini ndiyo kwanza linapokea ujumbe kutoka kwa moyo. Yai likalia. Nikadhani ni tumbo la mtu. Likalia tena, likapasuka lenyewe, akatoka kifaranga mzima, mweusi, akamtazama Bwana Kalisti usoni. Nikasema huyu amewahi.

Haraka nikachukua jingine. Nikatangaza kwamba hili ni la siku ishirini na moja, karibu kutoka, ini lake ni la manjano tupu. Nikalipasua kwenye sahani. Kiini cha yai, na juu yake mishipa michache myembamba ya damu. Nikasema huyu amechelewa kidogo.

Nilimwona Donatus hacheki. Hilo liliniuma kuliko waliocheka.

Hapo kasimama Zamoyoni, safu ya nne. Kaomba ruhusa kwa Mkuu wa Shule. Kaitwaa karatasi yake ya manila, kaikunja bomba, kabeba kikapu mpaka dirishani kwenye jua. Yai moja baada ya jingine kaliweka mwisho wa bomba na kulitazama. Linalopitisha mwanga huku, lenye giza kule, la kati hapa. Donatus kamshikia kuku. Hakuna aliyemwomba. Dakika tano hivi, mayai yamepangwa juu ya meza kwa umri, changa mpaka pevu, na mimi mwenyewe nikayaona kwa mara ya kwanza yakiwa mahali pake.

Kapasua moja la katikati. Kampa Mkaguzi lenzi. Kamwonyesha moyo, kamwonyesha ini. Kasema kwa nje mayai haya ni mamoja, mkaa ule ule, hata aliyeyachora hawezi kuyatofautisha. Wakacheka, lakini safari hii kwa upole. Kasema seli nazo ziko hivyo, zote zimebeba kitabu kile kile, na tofauti ni ukurasa gani umefunguliwa na lini. Moyo hupeleka ujumbe kwa wote wanaopakana nao, lakini anayeusikia ni aliye tayari. Na ini lenyewe nalo hubadili kurasa. La mtoto aliye tumboni hutengeneza kwa wingi protini moja ya utotoni. Akishazaliwa ukurasa huo hufungwa taratibu, na ule wa ukubwani ndio unaoendelea kusomwa maisha yote.

Hilo la mwisho sikulijua. Mwalimu Euphrasia kaninong'oneza kwamba Zamoyoni alilisoma kwenye kitabu cha yule muuguzi wa Kolandoto, kinachosomwa pale pale kwake hakitoki. Kumbe ndizo salamu zenyewe. Jumamosi tatu mfululizo, kwa baiskeli yangu yenye pedali moja!

Naandika wazi kwamba nililia. Nilisingizia moshi wa sabuni, na debe lilikuwa limezimwa tangu jana.

Bwana Kalisti kauliza huyu ni binti wa nani. Nikasema wangu. Labda hakusikia, nikasema tena, wangu. Mara ya tatu nilisema nikiwa nimesimama kati yake na Mkuu wa Shule, mkono kifuani. Zamoyoni hakujifanya hasikii. Alinitazama mbele ya watu wote, kasema ndiyo, ni baba yangu.

Sijawahi kuwa mrefu kama nilivyokuwa pale.

Kwa furaha hiyo, Mkaguzi alipouliza lenzi nzuri namna hii shule imeipata wapi, nikamjibu kwa sauti ya kufika nyuma ya ukumbi kwamba ni ya mpangaji wangu Thobias, mnunuzi wa dhahabu wa Geita.

Matokeo yametangazwa saa nane. Donatus anakwenda Dar es Salaam. Zamoyoni kaalikwa Mwanza mwezi wa Septemba, kwenye mkutano wa wanafunzi wa sayansi wa kanda, na jina lake Mkaguzi kaliandika kwa kalamu nyekundu. Mimi nilipewa kifaranga kiwe kumbukumbu, na Mama Limi kaninyang'anya mlangoni.

Ijumaa, 3 Agosti

Thobias kahama bila kuaga. Kaacha hata godoro. Lenzi imebaki, kwa hiyo sayansi haijapoteza kitu.

Kuku wa Mama Limi ametotoa vifaranga saba. Mama Limi kaja na kidole: aliweka manane, la nane liko wapi? Nikamwapia kwamba lile nililolipasua jikoni lilikuwa la kwangu, la tarehe 14. Zamoyoni akakohoa. Nikampa Mama Limi tetea mmoja wa Mwanaidi, na sasa Mwanaidi hasemi nami.

Donatus kaja kuaga. Shikamoo, kama kawaida. Kasema yeye angempigia kura Zamoyoni, na kaomba nimtunzie debe lake la sabuni. Nikaitikia marahaba, ndefu kidogo kuliko zamani. Mkuu wa Shule kaniagiza, kwa miezi hii sita, nihudumie maabara zote mbili. Kuosha, ndiyo. Lakini zote mbili! Niko mwenyewe, sina mkubwa wala mdogo.

Jumapili, 5 Agosti

Nimepitia jambo zima kwa utulivu, kitaalamu, hatua kwa hatua, nione kosa lilikuwa wapi. Mpango ulikuwa sahihi. Mkaa ulikuwa sahihi. Ujirani umethibitishwa: binti amekaa jirani nami miaka kumi na sita, tazama alivyotoka. Kuhusu hiyo habari ya kuwa tayari, amezaliwa nayo kwa upande wangu.

Kosa lilikuwa la kuku. Kuku hatulii, anazungusha mayai ovyo, na siku zake ni chache. Anayefaa ni bata! Bata hulalia siku thelathini na tano. Na Mkaguzi wa Kilimo, nimemsikia Mkuu wa Shule akisema nilipokuwa namletea maji, anafika Jumatatu tarehe 10 Septemba.

Apolonia wa ng'ambo ya barabara ana bata aliyeanza kulalia leo asubuhi. Sikumweleza kitu. Alipokwenda misa nimekwisha ingiza yai la kwanza, upande wa kushoto. Bata kanidonoa, lakini mdomo wake ni bapa, hauumi.

Zamoyoni kaniona nikirudi na majani magotini. Kaingia ndani, katoka na penseli mpya iliyochongwa, kaiweka mezani mbele yangu, karibu kabisa na mkono wangu, kaenda kusoma.

Mtoto mwenye adabu. Ni penseli nzuri sana, ndiyo hii ninayoandikia. Mayai nimeyachora kwa mkaa.